Singe, Senti na Waya: Umri wa Kisu Kimoja cha Tunduma

Wahenga wamesema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii twaitumia kila siku huku pwani, ilhali wengi wetu hatujapata kuuona mvukuto kwa macho yetu. Nimeikumbuka nikiwa mbali na bahari, katika mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, nilipowekewa kisu mkekani nikaulizwa swali lililoniondolea usingizi kwa siku kadhaa: kisu hiki ni cha nani, na ni cha mwaka gani?

Swali hilo halikuwa la kupitishia wakati. Kisu ni mali ya nyumba moja ya Wanyamwanga, na mnunuzi wa vitu vya kale alikuwa kashafika mara mbili kukitazama. Mara ya pili alitaja bei ambayo ingelilipia ada ya mwaka mzima ya mjukuu mmoja aliyekwisha kupata nafasi ya chuo. Vijana wa nyumba walitaka kiuzwe. Bibi mwenye nyumba, aliyekirithi kwa babake, hakukataa. Alisema tu kwamba ataka ajue kwanza anauza nini. Kwa kuwa mgeni wao alisifika kuwa ni mtu wa vitabu, mzigo huo nikatwikwa mimi. Sikuyasomea mambo ya kale katika chuo chochote. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya miaka mingi ya kukaa mbele ya miswada ya tungo na kutafuta umri wake, na mazoea hayo, kama nitakavyoeleza, hayakuwa kazi bure.

Kisu chenyewe ni kizuri. Kina bapa lililonyooka, lenye makali upande mmoja, na ubavuni mwake umepita mfereji mwembamba ulio sawasawa kutoka karibu na mpini hadi kukaribia ncha. Mpini ni wa pembe ya ng'ombe, umezungushiwa udodi wa shaba nyekundu na wa shaba ya manjano kwa kupokezana, ukasukwa kama ukili unavyosukwa, hata jicho likitazama huona mawimbi. Juu kabisa, mahali ambapo msuka wa chuma umetokeza kwenye mpini na kugongwa kichwa, pamewekwa kisahani cha shaba kilichokwaruzika. Ala yake imekwisha potea. Si kisu cha kukatia nyama. Ni kisu cha kutundikwa ukutani au kushikwa na mtu siku ya shughuli.

Habari zake nyumbani humo zilikuwa tatu. Mpwa wa Bibi alishikilia kuwa ni jambia la Waarabu waliokuwa wakipita na misafara. Jirani mmoja alisema kimefuliwa kwa chuma cha kimondo cha Mbozi, ndiyo sababu hakiishi makali. Bibi naye aliisimulia habari aliyoachiwa na babake: kwamba afisa wa Kijerumani, katika vita vya 1918, alikitoa kwa mkono wake kumpa babu wa nyumba kwa heshima. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda mnunuzi. Nilizipima zote tatu kwa utaratibu, kwani hakuna iliyokuwa ya upuuzi; kila moja ina mizizi katika historia ya mahali pale.

Niitangulize ya Waarabu. Kabla ya mpaka kuchorwa, nyanda zilizo baina ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika zilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa, na watu wa pwani yetu walifika huko na kukaa. Maarufu wao ni Mlozi bin Kazbadema, aliyejenga boma lake Mpata, karibu na Karonga. Alipigana na kampuni ya African Lakes kuanzia 1887 hadi 1889, na mwisho wake ukawa ni kunyongwa kwa amri ya Harry Johnston mnamo Desemba 1895. Kwa hiyo jambia la pwani kuonekana Unyamwanga si jambo la ajabu. Lakini jambia lina umbo lake: hupinda, lina makali pande mbili, na katikati ya bapa huinuka mgongo. Kisu hiki kimenyooka, kina makali upande mmoja, na badala ya mgongo ulioinuka kina mfereji uliozama. Si jambia, wala hakijapata kuwa jambia.

Habari ya kimondo ni tamu zaidi, na kwa mshairi ina kishawishi kikubwa. Nani asiyetamani kushika kisu kilichoshuka kutoka mbinguni? Kimondo hicho kipo, tena ni katika vikubwa vinavyojulikana duniani. Kimelala kijijini Ndolezi, wilayani Mbozi, urefu wake ni kiasi cha mita 3 na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Habari zake ziliandikwa na mpimaji W. H. Nott mwaka 1930. Ila chuma cha kimondo kina dalili isiyofichika: katika kila sehemu 100 za kimondo cha Mbozi, takriban 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli, kiasi ambacho mawe ya chuma ya ardhini hayakitoi. Upimaji wa maabara ungeweza kulikata shauri hilo kwa dakika chache. Hata hivyo, haukuhitajika, kwa sababu ambayo nitaifikia sasa hivi.

Kabla ya hapo, naomba nimweleze msomaji kanuni moja ambayo huenda ikamfaa nyumbani kwake, maana ni nyumba chache za pwani zisizokuwa na kisu, kitara au upanga wa zamani uliofungiwa sandukuni. Kanuni yenyewe ni hii: kitu kilichoundwa kwa sehemu nyingi hakiwi cha kale kuliko ile sehemu yake iliyo changa kuliko zote, madhali sehemu hiyo haikutiwa baadaye kwa matengenezo. Kwa hiyo mtu asiulize tu kisu ni cha lini. Aulize bapa ni la lini, mpini ni wa lini, msumari ni wa lini, kisha ayapange majibu.

Zipo dalili ambazo mtu yeyote mwenye macho mazuri anaweza kuzitumia. Bapa likiwa na jina la nchi lilikotoka, kama vile Germany, yaelekea ni la baada ya 1887, kwani katika mwaka huo Uingereza ilitunga sheria ya kuzitaka bidhaa za kigeni zisijifanye za Kiingereza. Marekani nayo ikafuata na sheria yake ya 1890. Likiandikwa West Germany, ni la baada ya 1949. Herufi za mtawala nazo husema: VR ni ya malkia Victoria, aliyefariki 1901. Chuma kisichoshika kutu hakiwezi kuwa cha kabla ya 1913, mwaka ambao Harry Brearley wa Sheffield aliyeyusha chuma cha namna hiyo. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na baadaye. Na kutu yenyewe ni shahidi: ile ya miaka mingi hukaa kwa tabaka, nene hapa na nyembamba pale, kufuatana na mkono ulivyoshika, ile ya kughushi, iliyoletwa kwa chumvi na ndimu, huenea sawasawa kama rangi iliyopakwa. Kwa ajili hiyo kisu cha kale kisisuguliwe kwa msasa. Anayekisugua anaufuta ushahidi.

Nilichokifanya mimi ni kuchovya kitambaa laini katika mafuta ya taa na kukipitisha mgongoni mwa bapa, karibu na mpini, mahali palipoganda masizi ya jikoni. Nilikuwa nikitafuta mahali hapo khasa. Masizi yalipolainika ikatokea taji ndogo, na chini yake herufi W, na chini ya herufi hiyo tarakimu mbili: 87.

Hapo habari ya kimondo ikaishia. Taji na herufi W mgongoni mwa bapa ni muhuri wa jeshi la Prussia, nchi iliyokuwa kichwa cha dola ya Ujerumani. Kila silaha ya makali iliyopokewa jeshini humo iligongwa herufi ya jina la mfalme na tarakimu mbili za mwisho za mwaka. W ni Wilhelm. Wafalme wa jina hilo walikuwa wawili waliofuatana kwa karibu: Wilhelm wa kwanza, aliyefariki Machi 1888, na mjukuu wake, Wilhelm wa pili, aliyetawala tangu Juni 1888 hadi Novemba 1918. Baina yao alikuwapo Friedrich, aliyekaa katika enzi siku 99 tu. Basi W yenye 87 ni ya mzee, si ya mjukuu. Bapa lile lilipokewa jeshini mwaka 1887, wakati Ujerumani ilikuwa na miaka miwili tu tangu ianze kudai sehemu yoyote ya Afrika Mashariki, na Tunduma haikuwa upande wa mpaka wowote.

Mfereji wa ubavuni na kipimo cha bapa vikakamilisha utambulisho. Ni singe ya namna iliyoitwa kwa Kijerumani Seitengewehr 71/84, silaha fupi yenye bapa la kiasi cha sentimita 25, iliyofanywa kwa wingi katika viwanda vya Solingen na kupachikwa mbele ya bunduki. Bapa la Tunduma limepungua kwa kunolewa, lakini mfereji haupungui kwa kunolewa, nao ndio uliolitambulisha. Singe za aina hii zilitumiwa pia na jeshi la Wajerumani katika makoloni yao, lile lililojulikana kwa jina la Schutztruppe.

Vijana wa nyumba walifurahi. Habari ya Bibi, walisema, imethibitika: ni kisu cha Mjerumani. Nikawaomba wasubiri. Bapa ni la Mjerumani, hilo halina shaka. Lakini bapa la singe si kisu cha afisa. Singe ilikuwa silaha ya askari wa kawaida, ya yule aliyebeba bunduki. Afisa alivaa upanga wake na bastola yake. Hakuwa na haja ya singe, seuze ya kuitoa zawadi ya heshima.

Mwaka 1918 nao una mushkeli wake. Ni kweli kwamba jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilipita nchi ile. Baada ya kuzunguka Msumbiji kwa muda wa miezi kumi, lilirudi na kufika misheni ya Mbozi mwishoni mwa Oktoba 1918, na mwanzoni mwa Novemba likaishambulia Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa ng'ambo tu ya mpaka. Kutoka hapo likashuka Kasama, na tarehe 25 Novemba 1918 likaweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala. Lakini ni silaha gani zilizowekwa chini? Bunduki zilizohesabiwa siku hiyo zilikuwa 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, zilizotekwa vitani. Risasi za Kijerumani zilikuwa zimekwisha kitambo, na bunduki za Kijerumani zilikuwa zimetupwa njiani. Askari aliyebeba bunduki ya Kiingereza au ya Kireno hakuwa na haja ya kubeba singe ya Kijerumani isiyopachikika mbele yake.

Kwa hiyo, ikiwa singe hii iliachwa katika nchi ya Songwe kwa sababu ya vita, yaelekea zaidi kwamba iliachwa mapema. Tangu 1914 mpaka huo ulikuwa mstari wa mapigano, na Wajerumani walikuwa na vituo vyao karibu nao, kama Luwiwa na Igamba. Mwishoni mwa Mei 1916, Edward Northey alivuka na majeshi ya Kiingereza kutoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini na Unyasa, na walinzi wa vituo hivyo wakavihama. Jeshi lihamalo kwa haraka huacha vitu nyuma, na wenyeji, ambao nafaka yao imechukuliwa na vijana wao wametiwa upagazi, huokota walichoachiwa. Singe iliyookotwa si zawadi ya heshima, lakini si aibu pia. Ni malipo madogo sana ya deni kubwa.

Yote hayo ni habari za bapa. Bado mpini, na mpini ndio uliokifanya kisu hiki kuwa pambo. Singe ya kiwandani huwa na vibao viwili vya mti vilivyobanwa kwa misumari pande mbili za kitako chake, na huwa na kikingio cha chuma baina ya mpini na bapa. Katika kisu cha Tunduma vyote hivyo havipo. Kitako kimetiwa motoni na kufuliwa upya hata kikawa msuka mwembamba, msuka ukapitishwa ndani ya pembe, na juu ukagongwa kichwa ili usitoke. Hiyo ndiyo namna ya kale ya kutia mpini, ya mfua chuma wa nchi ile, wala si ya Solingen.

Na kile kisahani cha juu? Nilipokitazama kwa kioo cha kukuza nikaona kina tundu katikati, na msuka umepita humo. Pande mbili za tundu zilikuwa na alama zilizopinda, nami nikazitambua mara moja, kwani watu wa rika langu wamewaona bibi zao wakiziweka katika vibweta: pembe mbili za ndovu. Ilikuwa senti kumi ya tundu, ya sarafu za Afrika Mashariki za wakati wa Waingereza. Upande wenye mwaka ulikuwa juu. Ulifutika kiasi, lakini mwanga ulipoletwa kwa ubavu ukasomeka: 1922.

Fundi yule alihitaji kisahani cha kuzuia kichwa cha msuka kisizame katika pembe. Badala ya kukikata na kukitoboa, alichukua sarafu iliyokwisha kutobolewa na serikali. Ni busara ya mtu wa kazi. Kwa busara hiyo, pasi na kukusudia, alituachia tarehe. Mpini ule hauwezi kuwa wa kabla ya 1922. Bibi naye akatoa mpaka wa pili. Alikumbuka kwamba kisu kilikuwa kimekwisha tundikwa ukutani alipokuwa msichana wa shule, mwaka ambao shule zilifanya sherehe ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza. Sherehe hiyo ilikuwa Juni 1953. Basi kisu, kwa maana ya kisu kizima chenye bapa na mpini na nakshi yake, kilizaliwa baina ya 1922 na 1953, katika Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza, kwa mkono wa fundi wa huko huko.

Tumtazame fundi huyo kidogo, maana yeye ndiye asiyetajwa na yeyote katika zile habari tatu. Nchi iliyofanywa kuwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya, ni nchi ya chuma. Wanyiha wa Mbozi, kama Wafipa majirani zao, waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo. Huko Ufipa tanuri hilo huitwa ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Urefu wake hushinda kimo cha mtu, na ajabu yake ni kwamba halivukutwi: kimo chake chenyewe huvuta upepo kwa matundu ya chini, na moto hujiendesha. Kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Beverly Brock na P. W. G. Brock waliandika juu ya kazi hiyo ya Wanyiha mwaka 1965, na baadaye Bertram Mapunda, mwanachuo wetu wa mambo ya kale, akayachunguza matanuri ya Ufipa kwa undani mkubwa. Majembe ya nchi hiyo yalikuwa mali ya biashara na ya mahari.

Kazi ya kuyeyusha ilikufa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Majembe ya kiwandani yaliuzwa rahisi, nayo makodi yaliwataka watu wafanye kazi ya mshahara mbali na makwao. Lakini kufua hakukufa pamoja na kuyeyusha. Fundi aliyekosa chuma cha tanuri alitumia chuma cha kuokota: majembe yaliyochakaa, vipande vya magari, na masalio ya vita. Chuma cha Solingen kilikuwa kizuri, naye alikijua kuwa ni kizuri. Alikitia motoni kitako tu, makali akayaacha yasiguswe na moto, kwani moto ungeliharibu ugumu wake. Aliyefanya hivyo hakuwa mbabaishaji.

Na ule udodi? Hapo ndipo pwani inapoingia, si kwa jambia. Tangu enzi za misafara, waya nene zilizoitwa masango zilipandishwa mabegani mwa wapagazi pamoja na nguo na ushanga, na nyingi ya hizo zilipitia forodha ya Unguja. Huko bara mafundi walizivuta zikawa nyembamba, wakafanya vitindi vya mikono na mapambo ya mipini. Kufikia miaka ya 1920 waya ziliuzwa madukani, lakini ufundi wa kuzivuta na kuzisuka ulikuwa ni ule ule. Kwa hiyo kisu kimoja kimekusanya kaiser wa Ujerumani, mfalme wa Uingereza, biashara ya Bahari ya Hindi na ng'ombe wa Unyamwanga. Na aliyewakusanya ni fundi mmoja katika kibanda chake.

Wapenzi wa tungo hawatapata tabu kulielewa jambo hili, kwa kuwa tunalo katika sanaa yetu. Katika takhmisa, mshairi hushika maneno ya mwenzake aliyemtangulia na kuyaongezea mishororo yake, hata ubeti ukatimia mitano. Takhmis ya Liyongo ni ya nani? Maneno ya msingi hunasibishwa na Fumo Liyongo, na mishororo iliyoongezwa hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Hakuna mwenye akili atakayesema tumwondoe Sayyid Abdallah ili tumpate Liyongo aliye safi. Akiondolewa, takhmisa haipo tena. Hali kadhalika miswada: utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, lakini nakala zake tulizonazo ni za baadaye, na mkono wa kila mnakili ni sehemu ya historia ya utenzi.

Mnunuzi alitaka kufanya kile ambacho hatukubali katika tungo. Aliporudi mara ya tatu, nilikuwapo. Alikuwa mtu wa adabu na mjuzi wa kazi yake. Alijua vizuri kwamba bapa ni la singe. Akawaeleza vijana, bila ya kuficha, kwamba wakusanyaji wa silaha huko ughaibuni hawapendi singe iliyobadilishwa, na kwamba angeung'oa mpini huo wa pembe, akatia vibao na kikingio vya namna ya asili, ndipo akiuze. Kwa hesabu zake, kazi ya yule fundi ilikuwa uharibifu wa kutengenezwa. Pembe, udodi na senti vingetupwa.

Bibi akanitazama mimi. Nikamwambia, "Bibi, kaka huyu anachotaka kununua ni chuma cha Mjerumani. Kisu chenyewe hakitaki." Nikaongeza jambo la pili, ambalo kila mwenye kitu cha kale Tanzania Bara yafaa alijue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavitambua vitu vilivyotengenezwa Tanganyika baada ya 1863 kwa matumizi ya jamii na utamaduni wake, na kuvitoa nje ya nchi bila ya kibali ni kosa. Singe iliyotoka Solingen pengine si kitu cha namna hiyo. Kisu chenye mpini uliofanywa Unyiha ni kitu cha namna hiyo. Basi kuung'oa mpini kungekiondolea kisu uraia wake, na huo nao ni ujanja wa kukipitisha mpakani. Sikusema kwamba mnunuzi aliukusudia ujanja huo. Nilisema tu kwamba hayo ndiyo yangekuwa matokeo.

Wala sikuwaambia wasiuze. Ada ya chuo ni ada ya chuo, na mtu mwenye nauli ya kurudi kwake hapaswi kuwahubiria wenye shida. Niliwaambia kwamba wakiuza, wauze kisu kizima, kwa jina lake, kwa mtu au makumbusho ya hapa nchini, na waandike karatasi ya kukifuata: bapa la Solingen, limepokewa jeshini 1887, mpini na nakshi, kazi ya Unyiha, baina ya 1922 na 1953. Kiwe na cheti cha kuzaliwa chenye tarehe zote mbili. Katika rejista nyingi za makumbusho ya Ulaya, jina la afisa aliyekichukua kitu limeandikwa, na jina la mkono uliokifanya halimo. Hatuna sababu ya kuandika rejista zetu kwa kuigiza kasoro hiyo.

Mnunuzi alipokwisha kuondoka, nikaanza kuiandika karatasi hiyo. Nilipofika mahali pa jina la fundi nikaacha nafasi tupu, nikidhani kwamba limepotea, kama yalivyopotea majina mengi. Herufi ya kaiser ilikuwa imesalia mgongoni mwa chuma na ya mfalme wa Uingereza kwenye senti. Nikaona ni desturi ya dunia kwamba wakubwa ndio wabaki.

Bibi akaniuliza mbona nimeruka mstari. Nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Mbona hukuniuliza?" Akalitaja jina la fundi, la babake fundi, na kijiji walichokaa, hatua chache kutoka njia ya Mbozi. Babake Bibi ndiye aliyekwenda kumwagiza kisu hicho, na aliyatoa majogoo mawili juu ya fedha. Habari ya afisa, akasema, ilikuwa ya kuwaambia wageni, kwa sababu wageni huipenda.

Jina hilo sikulichapa hapa, kwa kuwa nyumba haikutaka litangulie gazetini kabla ya jamaa za fundi kuarifiwa. Limeandikwa katika karatasi, katika mstari wake, nayo karatasi imekunjwa na kutiwa nyuma ya msumari ambao kisu kimetundikwa. Kwa miaka mingi watu walikiuliza kisu kile habari za Waarabu, za Wajerumani na za mbinguni. Aliyekuwa na jawabu alikuwa amekaa mkekani kando yake, akingoja aulizwe.